Mwani wa Paje na Kampasi ya Kagera

Mkoa wa Kagera unapata kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wilayani Bukoba, chini ya mradi wa elimu ya juu wa HEET, ambao kwa ajili yake Benki ya Dunia imeikopesha Tanzania dola milioni 425. Viongozi wanasema vijana watatoka pale na kampuni zao changa. Lusahunga, pale barabara ya Rusumo inapoachana na ya Biharamulo, watu wana haki ya kuuliza kampuni hizo zitamfaa nani. Jibu moja lipo mbali na hapa, Zanzibar, ambako mradi huohuo unaijengea majengo Taasisi ya Sayansi za Bahari huko Buyu. Taasisi hiyo ni ya chuo hichohicho, nayo imeshiriki katika safari ya utafiti uliogeuka biashara ya maelfu ya watu.

Mlolongo wa hatua za serikali katika utafiti na ubunifu unajulikana. Baraza la utafiti, UTAFITI, liliundwa 1968, shirika la viwanda vidogo, SIDO, likafuata 1973, sheria ya tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, ikapitishwa 1986. Kituo cha ubunifu cha Buni kilifunguliwa Kijitonyama, Dar es Salaam, 2011, na mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yakaanza 2019. Tarehe hizi hurudiwa katika kila hotuba, lakini hazituelezi mkulima alipata nini.

Mwani unatueleza. Profesa Keto Mshigeni, mtaalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alipata shahada ya uzamivu Hawaii mwaka 1974 kwa utafiti wa mwani. Akarudi akishikilia kwamba mwani si wa kuokotwa tu ufukweni kama ilivyokuwa ikifanyika. Unaweza kulimwa kama muhogo. Miaka ya 1980 akafanya majaribio Zanzibar. Mwaka 1989 kampuni binafsi zikaleta mbegu kutoka Ufilipino, na kilimo cha biashara kikaanza Paje na Jambiani. Kazi ikashikwa na wanawake: kuchomeka mambo, yaani vijiti, mchangani, kufunga vipande vya mwani kwenye kamba kwa vikamba vidogo viitwavyo taitai, kusubiri bamvua, kuvuna, kuanika.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, na kwa sehemu hii nategemea zaidi maandishi ya Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari na kufanya kazi na wakulima hao kwa miaka mingi. Kampuni zilitoa kamba na taitai bila malipo, na kwa kuwa zimetoa, mkulima alitakiwa aiuzie kampuni hiyohiyo, kwa bei inayotajwa na kampuni. Wanawake walilalamika kwamba bei haiwalipi jua na maji ya chumvi. Kampuni zikajibu kwamba bei inapangwa na soko la dunia, kwa wenye viwanda wanaokamua karajinani ya kutia kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kila upande ulikuwa na hoja. Ila upande mmoja ndio uliokuwa na ghala, mizani na mnunuzi wa nje, na serikali iliyofungua milango ya biashara haikuweka kitu mkononi mwa mwanamke wa Paje cha kumwezesha kusema hapana. Sioni kwa nini tuone aibu kulisema hilo hata leo.

Bahari nayo ikaongeza msukosuko. Aina ya mwani iitwayo kotoni, iliyolipwa karibu mara mbili ya aina nyingine, spinozamu, ilianza kufa miaka ya 2000 maji yalipozidi joto. Iliyobaki kwa wingi ni ile ya bei ndogo. Wataalamu walishauri kilimo kihamie kina kirefu, jambo linalodai mashua na kujua kuogelea, na wakulima wengi walikuwa wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea.

Mwaka 2006 Dk. Msuya na wenzake wakaanzisha kongano la mwani Zanzibar, yaani kundi la wakulima na watafiti wanaoshirikiana, sehemu ya mpango wa makongano ya ubunifu uliokuwa ukiendeshwa na wahandisi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo kikakaa chini na wakulima: wakafundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni. Mwani mkavu uliouzwa kwa kilo sasa ukawa kipande cha sabuni chenye jina la kikundi. Kwangu hii ndiyo kazi bora kabisa ambayo chuo chetu kimeifanya kwa wajasiriamali, na inasikitisha kwamba ilichukua miaka 17 tangu kamba za kwanza. Sehemu kubwa ya mwani bado husafirishwa mkavu, ingawa serikali ya Zanzibar ilianza kujenga kiwanda cha mwani Chamanangwe, Pemba.

Turudi Kagera. Ndizi, kahawa, maharage na asali ya Biharamulo vina wanunuzi wenye mizani yao, na barabara ya Rusumo ina malori ya kutosha kuvibeba vikiwa ghafi. Halmashauri za Biharamulo na Ngara hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Fedha hiyo ikikutana na mtafiti wa kampasi mapema, kikundi cha Lusahunga kinaweza kuwa na mashine na soko lake kabla ya mnunuzi kuja na kamba za bure. Madiwani wapeleke ombi hilo Bukoba sasa, kwa maandishi, chuo kinapochagua watafiti wake wafanye kazi gani na wapi.