Siri ya Barua na Siri ya Simu

Tangu mwanadamu ajue kutia maneno yake katika maandishi, amekuwa na haja mbili zisizopatana kwa urahisi: neno lake lifike mbali, na neno hilo hilo lisijulikane kila linapopita.

Barua ya zamani ilikunjwa, ikatiwa lakiri na muhuri, akapewa tarishi. Lakiri haikuwa na nguvu ya kumzuia mdukuzi. Kazi yake ilikuwa kumfichua. Lakini barua ilipofika, hatari mpya ilianza. Katika pwani yetu, ambako barua ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, asiyejua kusoma alimwendea anayejua, na siri ya wawili ikawa ya watatu.

Mwaka 1879 waya wa simu uliopita chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden. Upesi ulizidi na faragha ikapungua, maana kila neno lilipita mbele ya macho ya karani. Wafanyabiashara walitumia vitabu vya mafumbo, neno moja likisimama mahali pa sentensi nzima, ili kupunguza gharama na kuficha shughuli zao.

Ujumbe mfupi wa simu ya mkononi, uliopelekwa mara ya kwanza nchini Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, ulirithi udhaifu huo: mwenye mtambo aweza kuusoma. Dawa yake ilikwisha kuanza kupatikana mwaka 1976, Whitfield Diffie na Martin Hellman walipotangaza namna watu wawili wawezavyo kupatana ufunguo wa siri mbele ya kadamnasi. Mwaka 2016 WhatsApp ilikamilisha kuwawekea watumiaji wake ulinzi wa namna hiyo. Ujumbe hufungwa katika simu ya mwandikaji, hufunguliwa katika simu ya mwandikiwa. Njiani ni fumbo tupu.

Basi njia imelindwa, nyumba je? Fumbo halilindi simu iliyoachwa wazi mezani, wala maneno yanayojitokeza juu ya kioo kilichofungwa, wala nakala iliyowekwa katika ghala la kampuni bila fumbo. Haya yamo mikononi mwa mwenye simu: aifunge kwa namba isiyokisiwa, azuie maneno ya ujumbe yasionekane kiooni, aitie fumbo nakala yake, na aagize mazungumzo yafutike baada ya muda.

Wako wasemao kwamba asiye na kosa hana la kuficha. Wamekosea. Mgonjwa amwandikiaye tabibu, mdaiwa aombaye muda, binti atakaye shauri kwa mama yake, hawana hatia, wana staha. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 16, imeyapa mawasiliano ya mtu heshima na hifadhi; ya Kenya ya mwaka 2010 imefanya vivyo katika ibara ya 31. Sheria haikuuliza kwanza kama barua ina aibu.

Hata hivyo, hakuna lakiri wala fumbo limfungalo mwandikiwa. Aweza kuipiga picha barua yako na kuisambaza. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kufuli, mtu na achague wa kumwandikia, naye akiandikiwa, awe kata isiyomwaga.