Kocha akiondoka, ugomvi hubaki

Timu inapobadilisha kocha, mashabiki huuliza maswali mawili. La kwanza ni kama timu itashinda. La pili, ambalo huzua ubishi mkubwa zaidi vijiweni, ndani ya mabasi na mahali pa kazi, ni timu itacheza mpira wa namna gani. Swali la kwanza hujibiwa na matokeo ya Jumamosi. Swali la pili laweza kuishi miaka arobaini bila kupata jibu.

Katika mazungumzo yetu ya wiki hii, ndugu msikilizaji, tuitazame nchi moja ambayo ubishi huo uliigawa kama siasa zinavyogawa watu. Nchi hiyo ni Argentina. Mwaka 1983 timu yake ya taifa ilitoka mikononi mwa César Luis Menotti ikaingia mikononi mwa Carlos Bilardo. Tangu siku hiyo, Mwargentina anayependa soka aliulizwa yuko upande gani. Ilikuwa vigumu kujibu kwamba hayuko upande wowote.

Ili kuuelewa ugomvi huo yafaa turudi nyuma kidogo. Waargentina walijifunza kandanda kutoka kwa Waingereza, lakini kwa muda mrefu walijivunia kuwa na mpira wao wenyewe: chenga, pasi fupi fupi, na ujanja wa mtoto aliyejifunza kucheza katika viwanja vya vumbi vya mtaani. Mpira huo waliuita kwa jina rahisi tu, "wa kwetu". Mwaka 1957 walitwaa ubingwa wa Amerika ya Kusini mjini Lima kwa mpira huo, wakaichapa Brazil mabao 3-0. Kila mtu aliamini kwamba ulimwengu mzima unangoja kuwaona.

Mwaka uliofuata walikwenda Sweden kucheza Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu mwaka 1934. Huko walifungwa na Chekoslovakia mabao 6-1. Timu iliporudi Buenos Aires, watu waliifuata uwanja wa ndege, si kuipokea, bali kuirushia sarafu na matusi. Siku hiyo wengi walikata shauri kwamba mpira "wa kwetu" umepitwa na wakati. Wazungu wanakimbia zaidi, wana nguvu zaidi, wanajipanga vizuri zaidi. Basi na sisi tukimbie, tukabe, tujipange.

Aliyelipeleka wazo hilo mbali kuliko wengine wote alikuwa Osvaldo Zubeldía, kocha wa klabu ndogo ya Estudiantes katika mji wa La Plata. Tangu soka ya kulipwa ianze nchini humo mwaka 1931, ubingwa ulikuwa ukizunguka mikononi mwa klabu tano kubwa tu. Mwaka 1967 Estudiantes waliivunja duru hiyo. Kisha wakatwaa ubingwa wa klabu za Amerika ya Kusini mara tatu mfululizo, mwaka 1968, 1969 na 1970, na mwaka 1968 wakaiangusha Manchester United katika mashindano ya mabingwa wa mabara mawili. Zubeldía aliwafundisha vijana wake kuzifanyia mazoezi kona na mipira ya adhabu, kuwatega wapinzani waotee, na kuzichunguza tabia za kila adui kabla ya mchezo. Mambo hayo leo hufanywa na kila timu. Lakini Estudiantes walishutumiwa pia kwa ukatili. Mwaka 1969, baada ya pambano lao la nyumbani na Milan ya Italia kugeuka vita, wachezaji wao watatu walitiwa ndani kwa amri ya serikali.

Katika timu hiyo alikuwamo kiungo mmoja ambaye pia alisomea udaktari wa binadamu na kufuzu. Jina lake Carlos Bilardo.

Menotti alikuwa mtu wa aina nyingine. Mrefu, mwembamba, nywele ndefu, sigara haimtoki mkononi, mwenye siasa za mrengo wa kushoto. Mwaka 1973 aliipa Huracán, klabu ya Buenos Aires, ubingwa kwa soka iliyowakumbusha wazee mpira wao wa zamani. Mwaka 1974, baada ya timu ya taifa kufanya vibaya huko Ujerumani Magharibi, alikabidhiwa timu hiyo. Ujumbe wake ulikuwa mmoja: tusiwaige wengine, turudi kwenye mpira wetu. Kwake yeye, timu inayoshinda bila kumpa mwananchi furaha imemdhulumu mwananchi.

Mwaka 1978, nyumbani, Menotti alishinda Kombe la Dunia. Argentina iliifunga Uholanzi mabao 3-1 katika dakika za nyongeza, Mario Kempes akifunga mawili. Lakini ushindi huo ulikuwa na doa ambalo halikuletwa na wachezaji. Tangu Machi 1976 nchi ilikuwa chini ya wanajeshi waliokuwa wakiteka watu, kuwatesa na kuwaua. Si mbali na uwanja ilikochezwa fainali kilikuwako chuo cha jeshi la wanamaji kilichogeuzwa kuwa mahali pa mateso. Menotti alieleza baadaye kwamba aliwaambia wachezaji wawachezee wananchi waliokuwa wakiwatazama, wala si majenerali. Hata hivyo aliyekabidhi kombe ni Jenerali Videla.

Mwaka 1982 mabingwa hao walikwenda Hispania wakiwa na Diego Maradona kijana. Walifungwa na Ubelgiji siku ya ufunguzi, wakati askari wa nchi yao walipokuwa karibu kusalimu amri mbele ya Waingereza katika visiwa vya Falkland, ambavyo wao huviita Malvinas. Baadaye walifungwa na Italia, kisha na Brazil. Menotti akaondoka. Chama cha soka kikamwita Bilardo, mwanafunzi wa Zubeldía.

Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika. Bilardo hakuficha kwamba kwake yeye kilicho muhimu ni ushindi. Alisoma mbinu za wapinzani usiku na mchana. Alipanga mabeki wawili wa kukaba mtu kwa mtu, na mmoja nyuma yao aliyekuwa huru, akajaza watu watano katikati ya uwanja. Alimvua Daniel Passarella unahodha, yeye aliyelinyanyua kombe la mwaka 1978, akampa Maradona. Kwa wafuasi wa Menotti hayo yalikuwa kama kuuza urithi wa babu. Magazeti nayo yaligawanyika. Waandishi waliompenda Menotti walimshambulia Bilardo kila juma, na waliompenda Bilardo wakajibu kwamba maua hayajazwi kwenye kabati la vikombe.

Matokeo ya mwanzo hayakumsaidia mgeni huyo. Tarehe 30 Juni 1985, mjini Buenos Aires, Argentina ilihitaji sare dhidi ya Peru ili ifuzu. Zikiwa zimebaki dakika kama kumi ilikuwa nyuma kwa mabao 2-1. Ricardo Gareca ndiye aliyesawazisha. Ajabu ni kwamba Gareca huyo hakuchukuliwa kwenda Mexico. Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 1986 timu ilifungwa na Ufaransa, kisha na Norway. Hata serikalini zikasikika sauti za kutaka kocha aondolewe.

Yaliyofuata wengi wetu tunayajua. Argentina haikufungwa hata mchezo mmoja huko Mexico. Maradona alifunga mabao matano na kuwatengenezea wenzake mengine matano. Tarehe 29 Juni 1986 Ujerumani Magharibi ililala kwa mabao 3-2. Bao la kwanza lilifungwa na José Luis Brown, beki aliyekwenda Mexico hana klabu. Na Bilardo, inasimuliwa, hakufurahi ipasavyo, kwa sababu Wajerumani walipata mabao yao yote mawili kutokana na kona, jambo alilolifundisha kwa miaka mitatu.

Je, ushindi huo ulimaliza ubishi? Hata kidogo. Wa upande wa Bilardo walisema: mmeona? Wa upande wa Menotti wakajibu: tumemwona Maradona, kocha hatukumwona.

Hapa, ndugu msikilizaji, ndipo inapofaa tuziweke hadithi pembeni tuhesabu. Timu ya Menotti ya mwaka 1978, inayosifiwa kwa mpira wa kushambulia, ilicheza michezo saba ikafunga mabao 15. Timu ya Bilardo ya mwaka 1986, inayolaumiwa kwa mpira wa woga, ilicheza michezo saba ikafunga mabao 14. Tofauti ni bao moja. Tena katika yale 15, mabao sita yalipatikana katika mchezo mmoja dhidi ya Peru, ambao mpaka leo watu wanautilia mashaka. Timu hiyo ya "mpira mzuri" ilifungwa na Italia, na sare yake ya bila kufungana na Brazil ilijaa rafu kuliko pasi. Na timu hiyo ya "mpira wa hesabu" ndiyo iliyompa mchezaji mmoja uhuru kuliko ambavyo mchezaji yeyote amewahi kupewa katika Kombe la Dunia.

Hii haina maana kwamba makocha hao wawili walikuwa sawa. Hawakuwa sawa. Mwaka 1990 Bilardo alirudi kwenye Kombe la Dunia na timu yenye majeruhi wengi. Ilifungwa siku ya ufunguzi na Kameruni bao 1-0, siku ambayo Afrika nzima ilishangilia, ingawa Kameruni ilimaliza mchezo ikiwa na watu tisa. Kutoka hapo Argentina ilijikokota mpaka fainali kwa kujihami na kwa penalti. Katika michezo saba ilifunga mabao matano tu, na ikamaliza fainali na watu tisa uwanjani. Mashindano yale yalichosha watu kiasi kwamba mwaka 1992 sheria ilibadilishwa, golikipa akakatazwa kuudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake. Wafuasi wa Bilardo hukumbuka kwamba timu ilifika fainali. Wafuasi wa Menotti hukumbuka jinsi ilivyofika. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Kwa hiyo kila upande ulichagua la kukumbuka na la kusahau. Ndiyo hatari ya ubishi wa namna hii. Mtu huanza kwa kupenda aina fulani ya mpira, jambo ambalo ni haki yake, akaishia kulilinda jina la mtu. Badala ya kutazama uwanja ulivyo, hutazama benchi ameketi nani.

Hata hivyo si haki kuwacheka mashabiki hao tukasema walipoteza muda kwa jambo dogo. Walichokuwa wakibishania kilikuwa kikubwa. Nchi ilikuwa imetoka kwenye udikteta na vita iliyoshindwa, na mwezi Desemba 1983 ikaanza upya na serikali ya kuchaguliwa. Swali la kama yafaa kushinda kwa njia yoyote halikuwa la mpira peke yake. Watu walikuwa wamewaona watawala waliosema kwamba lengo huhalalisha njia. Wengine nao walikuwa wamechoka na maneno matamu yasiyoleta kitu mezani. Menotti na Bilardo walipewa kubeba mzigo ambao makocha wawili hawakuwa na mabega ya kuubeba.

Mwisho wa kisa hiki ulichelewa kufika. Mwaka 2018 timu ilipewa Lionel Scaloni, kijana asiye na historia ya ukocha mkuu wa timu ya wakubwa. Mwaka 2019 chama cha soka kikamrudisha Menotti, mzee wa miaka 80, awe mkurugenzi wa timu za taifa. Scaloni hakutangaza dini yoyote ya mpira. Huko Qatar, mwaka 2022, alianza kwa kufungwa na Saudi Arabia mabao 2-1, akabadilisha wachezaji na mpango. Dhidi ya Uholanzi alipanga mabeki watatu wa kati. Dhidi ya Croatia akajaza viungo. Alimwachia Lionel Messi uhuru, na wengine akawapa kazi ya kukimbia. Wale wa Menotti waliona pasi zao humo, wale wa Bilardo wakaona hesabu zao. Argentina ilitwaa kombe kwa penalti mbele ya Ufaransa. Katika michezo saba ilifunga mabao 15.

Menotti alifariki mwezi Mei 2024. Ubishi wake na Bilardo haukuzikwa naye, na pengine si lazima uzikwe. Shabiki anayeuliza timu yake inacheza mpira gani ni shabiki anayejali zaidi ya msimamo wa ligi. Hata hapa kwetu, kocha mpya akifika na kocha wa zamani akaanza kutajwa kama mtakatifu, swali hilo lina haki ya kuulizwa. Ila anayeuliza na atoe ushahidi. Ahesabu mabao, pasi, na nafasi zilizotengenezwa. Akumbuke na siku ambazo kocha wake mpendwa alicheza vibaya akashinda. Asipofanya hivyo atakuwa anabishana na kumbukumbu yake mwenyewe, na kumbukumbu, kama tulivyoona, huwa haifungwi hata bao moja.