Paundi za Wamarekani, kilo za hospitali

Leo tuongee habari ya mizani.

Huku Marekani ukimuuliza mtu uzito wake atakujibu kwa paundi, zile zile ratili za wazee wetu wa pwani. Karafuu ya Unguja na Pemba ilipimwa kwa frasila, na frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Sisi tukahamia kilo, wenzetu bado wamo humo humo. Ila dawa hospitalini zinapigiwa hesabu kwa kilo, na hapo ndipo penye hatari.

Chukua mtoto wa kilo 10. Panadol anapewa miligramu 15 kwa kila kilo, jumla 150. Mama anasema mwanangu ana 22, yeye anahesabu paundi. Muuguzi akiandika 22 kwenye nafasi ya kilo, dozi inaruka hadi 330. Kwa panadol mara moja mtoto huenda asidhurike. Ingekuwa morfini je?

Sasa kwa nini taifa lililopeleka watu mwezini mwaka 1969 ling'ang'anie paundi? Kuna kisa kimoja nakipenda. Mwaka 1794 Mfaransa Joseph Dombey, mtaalamu wa mimea, alipanda meli akiwa na fimbo ya mita na kipande cha shaba chenye uzito wa kilo, amfikishie Thomas Jefferson, ambaye alitaka vipimo vya nchi yake viwe na mpangilio. Dhoruba ikaisukuma meli hadi visiwa vya Karibi, maharamia wakamkamata, akafia kifungoni Montserrat. Wengine husema basi ndiyo sababu. Mimi sikubali, maana nafasi nyingine zilikuja tele. Mwaka 1866 sheria iliruhusu kilo. Mwaka 1875 Marekani ilitia saini Mkataba wa Mita jijini Paris. Mwaka 1975 ikapitishwa sheria ya kuhamia huko, lakini kwa hiari! Bodi iliyoundwa kusimamia kazi hiyo ikavunjwa mwaka 1982. Jamani, kitu cha hiari nani atakifuata, wakati viwanda na vitabu vya mapishi vyote vimezoea vya zamani?

Kinachonichekesha ni kwamba paundi yenyewe ni mtoto wa kilo. Tangu 1893 Wamarekani wanaipima paundi yao kwa kutumia kilo, na mwaka 1959 wakakubaliana na Waingereza na wengine kuwa ni kilo 0.45359237 kamili. Mwaka 2019 ile silinda ya platinamu na iridiamu iliyotunzwa karibu na Paris tangu 1889 ilistaafishwa, kilo ikafungwa kwenye namba ya Planck. Paundi nayo ikafuata mama yake, wenyewe wala hawana habari.

Wodini kwetu mizani za watoto zimefungwa zisionyeshe paundi. Mama akiuliza namtajia kwa mdomo. Kwenye faili inaingia kilo tu.