Urithi wa Seyyid Said na Mgawanyo wa 1861

Seyyid Said bin Sultan alifariki baharini Oktoba 1856, akisafiri kutoka Maskati kurudi Unguja. Milki yake ilikuwa na pande mbili, Oman na pwani ya Afrika Mashariki, na wanawe hawakukubaliana nani airithi. Thuwaini alishika Maskati, Majid akashika Unguja. Majid aliahidi kumpa nduguye riyali 40,000 kila mwaka, kisha malipo yakasita. Mwanzoni mwa 1859 Thuwaini alituma merikebu kuivamia Unguja, lakini Waingereza wakazirudisha njiani.

Ugomvi ulikuwa pia ndani ya kisiwa chenyewe. Barghash, ndugu mwingine, alitaka kiti, akiungwa mkono na ukoo wa Harthi, uliokuwa na nguvu kubwa Unguja. Dada yao Salme alimwandikia barua za siri. Ufaransa ilimwelekea Barghash, Uingereza ikasimama na Majid. Hapo ndipo shauri la kifamilia lilipogeuka mashindano ya mataifa makubwa. Oktoba 1859 uasi ulizimwa kwa msaada wa mabaharia wa Kiingereza, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Mwaka 1861 Lord Canning, Gavana Mkuu wa India, aliamua kwamba Unguja na Oman ziwe dola mbili, na Majid aendelee kulipa riyali zile. Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa ziliahidiana kuheshimu uhuru wa dola hizo. Kwa hakika, uhuru wa Unguja ulikuwa umekwisha kupungua: Majid alidumu kwa nguvu ya manowari za wageni.