Kufunga nozeli na reli ya mafuta: Oringi ndogo inavyoweza kuunguza gari

Gari la petroli likianza kumisi au kula mafuta kuliko kawaida, mara nyingi fundi hufungua nozeli ili azisafishe au aweke nyingine. Kuzifungua ni rahisi. Hatari ipo wakati wa kuzirudisha.

Reli ya mafuta ni bomba linalogawa petroli kwa kila nozeli. Kwenye injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST na Probox nyingi, presha ndani ya reli ni karibu baa 3 hadi 3.5, zaidi ya upepo wa tairi. Kinachozuia petroli isichuruzike juu ya injini yenye moto ni oringi, pete ndogo ya mpira.

Kwa wenye magari wa Njombe na Makambako, baridi ya Juni na Julai inaongeza tatizo. Mpira uliozeeka hukakamaa na kusinyaa ukipoa. Oringi isiyovuja mchana inaweza kuvuja alfajiri, gari linapowashwa.

Kabla ya kufungua

Injini ipoe. Fundi achomoe fyuzi ya pampu ya mafuta, awashe gari mpaka lizime lenyewe ili presha ishuke, kisha afungue waya wa hasi wa betri. Jiko la mkaa la kuota moto na sigara vikae mbali, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Wakati wa kufunga

1. Matundu ya nozeli yafutwe vizuri. Mchanga ukiingia huziba nozeli.

2. Oringi zote ziwe mpya, za kuhimili petroli. Za bomba la maji hazifai, na silikoni haizibi petroli.

3. Oringi ipakwe petroli safi au oili nyepesi kidogo, kisha nozeli isukumwe kwenye reli huku ikizungushwa. Ikikataa kuzunguka kwa mkono, oringi imejikunja. Itolewe, iwekwe nyingine.

4. Reli ikae sawa juu ya nozeli zote, halafu boliti zikazwe kidogo kidogo kwa zamu. Kukaza upande mmoja kwanza hupindisha reli.

5. Kila soketi irudi kwenye nozeli yake.

Kupima kabla ya kuondoka

Fyuzi na betri virudishwe, kisha swichi iwashwe bila kupiga stata, mara mbili tatu. Kuna magari ambayo pampu haisukumi mpaka stata ipigwe. Kwa hayo, mtu mmoja apige stata kidogo, mwingine aangalie kwa tochi. Likionekana tone moja au harufu ya petroli ikibaki, gari lizimwe na kazi irudiwe.

Silensa ikipanda na kushuka, huenda oringi za chini zinavuta hewa.

Mwenye gari ana haki ya kusimama hapo na kuona kipimo hiki. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, aangalie tena kabla ya kuanza safari.

Dizeli ni habari nyingine

Kwenye malori na pikapu za dizeli za kisasa, presha ya reli hupita baa 1,000. Mafuta yake hutoboa ngozi. Asithubutu mtu kutafuta uvujaji kwa kidole.