Siku Mbili za Ovechkin

Juni 2003, mjini Nashville, klabu ya Florida Panthers ilijaribu kumteua kijana wa Kirusi ambaye umri wake ulikuwa haujafika. Kanuni za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, zilitaka chipukizi awe ametimiza miaka 18 ifikapo 15 Septemba. Alexander Ovechkin alizaliwa 17 Septemba 1985. Alipungukiwa siku mbili. Florida wakaja na hesabu yao: tangu azaliwe, 29 Februari imepita mara nne, kwa hiyo ukihesabu miaka ya siku 365 kavu, kijana ametimiza. Wakakataliwa.

Nilipoisoma habari hii nilicheka, kisha nikamkumbuka bibi yangu wa Tanga, anayehesabu umri wa wajukuu kwa mwaka wa Kiislamu. Kwa kalenda ya bibi, Ovechkin alikuwa na miaka 18 tangu Machi.

Mstari wenyewe umehamahama. Katika uteuzi wa kwanza, Montreal 1963, aliyetangulia kuitwa alikuwa Garry Monahan, mvulana wa miaka 16. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya 1970 umri ulikuwa 20. Baadaye ukashushwa hadi 18.

Mimi nilikutana na mstari huo kwenye ligi ya fantasi ninayocheza na wanafunzi wenzangu, ile ambayo ukishamchagua mchezaji unabaki naye miaka. Niliweka chipukizi wawili wa uteuzi mmoja kwenye jedwali, nikamchukua mwenye pointi nyingi. Sikuangalia kwamba alimzidi mwenzake karibu miezi kumi na moja. Katika umri wa miaka 17, miezi hiyo ni kilo kadhaa za misuli na msimu mzima wa mazoezi. Niliyemwacha sasa ananifunga kila wiki.

Na hapo sikuwa na kisingizio. Mimi ni wa Desemba. Shule ya msingi nilikuwa mdogo kuliko wote darasani, na ripoti zangu zote ziliandikwa "aongeze bidii".

Jambo lenyewe halikuwa siri. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionyesha kwamba hoki ya Kanada imejaa waliozaliwa miezi ya mwanzo wa mwaka, kwa kuwa watoto hupangwa timu kwa kuanzia 1 Januari. Mwaka 2013 Robert Deaner na wenzake wakaonyesha upande wa pili: waliozaliwa Julai hadi Desemba waliteuliwa zaidi ya nafasi 40 nyuma ya walipostahili kwa kazi waliyokuja kuifanya.

Chukua msimu wa 2005–06. Ovechkin, aliyeteuliwa wa kwanza 2004 na kucheleweshwa tena na mgogoro uliofuta msimu mzima, alipata pointi 106 na tuzo ya mgeni bora. Sidney Crosby alipata 102. Wote walikuwa wageni, lakini Ovechkin alikuwa na miaka 20 na Crosby 18. Msimu uliofuata Crosby akapata 120, Ovechkin 92. Aliyesoma tarehe za kuzaliwa hakushangaa.

Ila tarehe nazo hudanganya. Auston Matthews alizaliwa 17 Septemba 1997, naye akakosa uteuzi wa 2015 kwa siku mbili zilezile. Akaenda kucheza na watu wazima Zurich, akarudi na kuteuliwa wa kwanza 2016, na mechi yake ya kwanza NHL akafunga mabao manne. Wa pili alikuwa Patrik Laine, mdogo wake kwa miezi saba. Msimu huo Matthews alifunga 40, Laine 36 katika mechi chache zaidi. Kwa kanuni yangu mpya ningemchukua Laine bila kufikiri mara mbili. Msimu wa 2023–24 Matthews alifunga mabao 69, ilhali Laine aliumia na kucheza mechi chache tu.

Bado nimeongeza safu kwenye jedwali langu: umri, kwa siku. Wenzangu wananicheka. Bibi nilipomweleza kwa simu aliuliza swali moja tu, hao watoto walizaliwa mwezi gani, na sikuwa na hakika anataka mwezi wa kalenda ipi.