Alama Sita za Ufagio: Historia Fupi ya Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare

Mwaka 1987 Nairobi ilishiba kandanda. Mwezi Agosti Michezo ya Afrika iliandaliwa katika uwanja mpya wa Kasarani, na Harambee Stars, timu ya taifa, wakapenya hadi fainali kabla ya kulazwa na Misri 1-0. Desemba, katika uwanja huohuo, Gor Mahia walitoka sare ya 1-1 na Espérance baada ya sare ya 2-2 kule Tunis, na kwa faida ya mabao ya ugenini wakatwaa Kombe la Washindi barani Afrika. Hapakuwa na klabu ya Kenya iliyokuwa imewahi kubeba kombe la bara. Kila akiulizwa shabiki wa makamo mwaka mtamu zaidi katika soka ya Kenya, atautaja huo.

Umbali mfupi kutoka Kasarani, ukishuka kwa matatu barabara ya Thika kuelekea mjini, kuna bonde la mto Mathare. Humo ndimo lilimoanza, mwaka huohuo wa 1987, jambo ambalo nathubutu kusema limeigusa soka ya Kenya kwa kina kuliko kombe lolote lililoinuliwa Kasarani. Chama cha Michezo cha Vijana wa Mathare, kinachojulikana kote kwa herufi zake MYSA, sasa kinakaribia miaka 40, na inafaa hadithi yake isimuliwe kwa Kiswahili, lugha ambayo watoto wake wametumia kuitana uwanjani miaka yote hiyo.

Mathare si mtaa wa juzi. Zamani palikuwa machimbo. Mawe yake yalijenga majumba ya mji wa kikoloni. Wakati wa hali ya hatari, miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ilibomoa vibanda vya wakazi kwa kuwashuku kuwa waliwaunga mkono wapiganaji wa Mau Mau. Baada ya uhuru watu walirudi, wakaongezeka, wakajenga kwa mabati, mbao na udongo, bega kwa bega, hadi kwenye ukingo wa maji. Huduma za baraza la jiji hazikuwafuata. Taka zilitupwa palipopatikana, mitaro ikaziba, na mvua iliponyesha maji machafu yaliingia vyumbani. Kandanda ya watoto ilichezwa kwenye vipande vya ardhi vilivyosalia kati ya nyumba, kwa mpira wa juala: mifuko ya plastiki iliyokunjwa, ikafungwa kwa kamba mpaka ikawa duara.

Soka iliyopangwa ilikuwepo Nairobi, ila haikuwa ya watoto hao. Klabu kubwa zilitoka katika vyama vya watu wa makabila, kama Abaluhya walioanzisha timu yao mwaka 1964 na Gor Mahia iliyozaliwa mwaka 1968, au zilikuwa mali ya kampuni na mashirika ya umma. Mtoto wa miaka 12 bondeni Mathare hakuwa na ratiba, hakuwa na refa, wala hakuwa na meza ya ligi ya kuangalia jina la timu yake.

Bob Munro, raia wa Kanada aliyekuwa Nairobi akifanya kazi ya ushauri katika masuala ya mazingira na maendeleo, aliwakuta watoto wakicheza. Walitaka mipira na walitaka ligi. Alikubali kuwasaidia, ila aliweka sharti ambalo baadaye likawa msingi wa chama kizima: ukifanya kitu, MYSA nayo itafanya kitu, usipofanya kitu, MYSA haitafanya kitu. Ligi ikaanza. Na kwa kuwa tatizo lililoonekana na kila mmoja lilikuwa taka, jambo la kwanza ambalo timu zilitakiwa kulifanya lilikuwa kusafisha mtaa.

Hapa ndipo ulipo moyo wa historia hii, na ningependa tukae hapo kidogo.

Katika ligi za MYSA, timu iliyoshinda mechi ilipata alama tatu kama kawaida. Lakini timu iliyokamilisha zamu ya usafi, ikatoka na mafagio, reki, majembe na mikokoteni, ikazibua mitaro na kuzoa takataka katika eneo lake, ilipata alama sita. Sita, yaani sawa na ushindi mara mbili. Alama hizo ziliingia katika meza ileile ya ligi pamoja na mabao. Timu yenye washambuliaji hodari ingeweza kumaliza msimu ikiwa chini ya timu ya kawaida ambayo haikukosa zamu yake. Kepteni aliyeshindwa kuwaamsha wenzake asubuhi ya usafi aliwagharimu zaidi ya golikipa aliyeruhusu mpira upite katikati ya miguu.

Wapo waliodhani huko ni kuchanganya mambo mawili yasiyohusiana. Mimi naona ndiyo busara kubwa zaidi iliyowahi kuingizwa katika kanuni za ligi ya ridhaa Afrika Mashariki. Malaria, kipindupindu na homa ya matumbo viliwapata watoto wale kutoka katika mitaro ileile. Mchezaji mgonjwa hachezi. Na uwanja wenyewe, katika mtaa usiokuwa na hata kona moja ya ziada, ungepatikana tu kama taka zingeondolewa. Kanuni ya alama sita haikuwaomba watoto wawe wema. Iliweka kazi ya mtaa mahali ambapo mtoto wa Mathare alikuwa tayari ameuweka moyo wake, yaani kwenye msimamo wa ligi. Mama aliyemwona mwanawe akizoa uchafu mbele ya kibanda cha jirani alianza kuitazama kandanda kwa jicho jingine. Kwa wazazi wengi kabla ya hapo, mpira ulikuwa ukorofi na kupoteza muda.

Jambo la pili lililokikuza chama ni kwamba kiliendeshwa na vijana wenyewe. Mtaa na maeneo ya jirani viligawanywa katika kanda, ambazo hatimaye zilifika 16. Kila kanda ilikuwa na kamati yake ya michezo na ya huduma kwa jamii, na wajumbe walichaguliwa kwa kura, wengi wao wakiwa bado wanafunzi. Kijana wa miaka 15 au 16 angeweza kuwa ndiye anayepanga ratiba, anayetafuta marefa, anayesikiliza malalamiko ya timu iliyodai mpinzani amechezesha mtu aliyezidi umri. Wakubwa walikuwepo, na fedha za wafadhili, hasa kutoka Norway, zilikuja kusaidia sana. Lakini mtu aliyetaka mechi yake isogezwe alienda kwa kijana mwenzake.

Kanuni za uwanjani nazo zilikuwa na maarifa. Kepteni peke yake ndiye aliyeruhusiwa kuzungumza na refa. Aliyeonyeshwa kadi nyekundu alitakiwa kwanza kuchezesha mechi za watoto kabla ya kurudi kucheza, apate kujua jinsi inavyokuwa kusimama katikati na firimbi huku kila mtu akikupigia kelele. Palikuwa pia na kadi ya kijani, aliyopewa mchezaji aliyeonyesha uungwana kuliko wote, nayo ilimwongezea alama kuelekea tuzo za uongozi. Tuzo hizo zililipa karo. Zilikwenda kwa wale waliojikusanyia alama kwa kufundisha watoto, kuchezesha mechi, kushiriki usafi na kuhudumu katika kamati. Katika mtaa ambako mwanafunzi hufukuzwa shuleni kwa shilingi chache, tuzo hiyo ilikuwa na uzito kuliko medali.

Kwa miaka mitano ya mwanzo kandanda ya MYSA ilikuwa ya wavulana. Wasichana waliingia mwaka 1992, na mlango wao haukuwa mpana. Wavulana walicheka. Wazazi waliuliza nani atachota maji, nani atapika, nani atambeba mtoto mdogo wakati dada mtu yuko uwanjani. Wengine waliogopa, na hawakuwa na kosa kuogopa, kwa sababu njia za Mathare jioni hazina huruma kwa msichana. Walioandaa ligi ya wasichana waligundua kuwa kandanda ya wasichana ni suala la saa. Mechi zao zilipangwa mapema mchana ili wafike nyumbani kabla ya giza. Wengine walifika uwanjani na wadogo zao mgongoni na kuwaacha kando ya mstari chini ya uangalizi wa wenzao hadi kipindi kiishe. Mazungumzo na wazazi yalikwenda nyumba kwa nyumba.

Hatua kwa hatua ligi ile ikasimama, na watafiti wa masuala ya vijana wakaja kuiangalia kama mfano. Walichokiona kilikuwa kikubwa kuliko mabao. Msichana aliyezoea kwenda kisimani, sokoni na kanisani au msikitini tu, sasa alikuwa na mahali pa kukutana na wenzake mbali na kazi za nyumbani, alikuwa na kocha wa kumshauri, na alikuwa na sauti katika kamati iliyowahi kuwa ya wavulana watupu. Kama ningeulizwa ni ukurasa gani wa historia ya MYSA unaostahili kuandikwa kwa herufi kubwa, ningeutaja huo kabla ya vikombe vyote.

Vikombe vilikuja pia. Timu za Mathare zilianza kusafiri hadi Oslo kwa mashindano ya vijana ya Norway Cup mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zimerejea na ubingwa si mara moja. Mwaka 1992 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake papo hapo Nairobi, liliipa MYSA tuzo ya Global 500 kwa kazi ya usafi. Mwaka 2004 ikaja tuzo ya Laureus ya michezo kwa manufaa ya jamii, na mwaka huo na uliotangulia chama kilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mwaka 1994 kiliundwa kikosi cha wakubwa, Mathare United, ili vijana waliokomaa katika ligi za kanda wasilazimike kutafuta jezi kwingine. Kikosi hicho kilibeba Kombe la Moi Golden mwaka 1998, kikalirudia mwaka 2000. Wachezaji wake hawakusamehewa ufagio: walitakiwa kutoa saa zao kila mwezi kwa kazi ya jamii, wakafundisha watoto na kuzungumza nao juu ya ukimwi, elimu ambayo MYSA ilianza kuitoa wakati mitaa mingi bado ilikuwa ikinong'ona tu kuhusu ugonjwa huo. Francis Kimanzi, aliyekulia katika mfumo huo, alifika hadi kuifundisha timu ya taifa. Dennis Oliech naye alipitia Mathare United, na bao lake dhidi ya Cape Verde mwaka 2003 ndilo lililoipeleka Kenya katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 2004 nchini Tunisia.

Wakati huo huo uongozi wa soka ya Kenya ulikuwa katika vurugu. FIFA iliifungia nchi mwaka 2004, ikaifungia tena mwaka 2006. Munro na Mathare United walikuwa mstari wa mbele miongoni mwa klabu zilizodai ligi iendeshwe na klabu zenyewe kwa hesabu za wazi, msimamo uliozaa kampuni ya Ligi Kuu ya Kenya. Mtu anaweza kubishana juu ya mengi yaliyofuata, lakini mantiki ilikuwa ileile iliyotawala kule bondeni, kwamba wanaocheza ndio wanaopaswa kuendesha.

Kazi nyingine za chama zinastahili angalau kutajwa. Vijana wake walipeleka chakula kwa watoto waliofungiwa rumande. Walifungua maktaba mahali ambapo mtoto hana meza ya kusomea. Mwaka 1997 baadhi yao walipewa kamera rahisi, na picha walizopiga za maisha yao zikatoka mwaka 1999 katika kitabu kiitwacho Shootback. Wengine walikwenda Kakuma kuanzisha michezo kambini kwa wakimbizi.

Kisha ikaja Desemba 2007. Baada ya uchaguzi, Mathare ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi Nairobi. Nyumba zilichomwa, majirani wa miaka mingi wakahamana kwa sababu ya kabila. Timu za MYSA hufuata kanda, na kanda ni ya wote wanaoishi hapo, Mluo na Mkikuyu, Mkamba na Mluhya, Mnubi na Msomali. Sitadai kwamba mpira ulizima moto ule. Ninachoweza kusema ni kwamba msimu wa 2008 uliisha kwa Mathare United kutwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, wa kwanza katika historia yake, na mtaa uliokuwa umegawanyika ulikuwa na timu moja ya kuishangilia.

Miaka ya karibuni haikuwa myepesi. Ufadhili wa nje hupanda na kushuka. Mathare United ilishuka daraja, kisha ikapanda tena Ligi Kuu mwaka 2024, mwaka ambao mafuriko ya Aprili yalisomba vibanda ukingoni mwa mto na bomoabomoa iliyofuata ikawaacha wengi bila makao. Viwanja vya wazi Nairobi vinaendelea kumezwa na majengo, na ligi ya mtaani haiwezi kuhamia angani. Kwangu hilo ndilo tishio kubwa zaidi kwa kazi ya MYSA kuliko ukosefu wa fedha: vijana wanaweza kuchanga nauli na kushona jezi iliyochanika, lakini hawawezi kuchanga ekari. Serikali ya kaunti, inayojivunia kila mchezaji anayetoka Mathare, inadaiwa hati za viwanja vile, na inapaswa kuzitoa wakati bado kuna viwanja vya kuandikia hati.

Hadi leo zaidi ya vijana 20,000 wamejiandikisha katika timu na shughuli za chama, wavulana kwa wasichana, na makocha wengi wanaowafundisha walianza wakiwa watoto katika ligi hizohizo.